Cha Bure Nacho Kina Adabu Zake

Mwisho wa mwezi ukikaribia, magrupu ya WhatsApp ya mitaa yanachangamka. Huyu anahamia Dodoma na kabati limegoma kuingia kwenye gari. Yule mtoto wake ameanza kutembea, kigari kimebaki kinakusanya vumbi nyuma ya mlango. Picha inatupiwa grupuni, chini yake neno moja tu: "Bure." Mwenye tangazo hajaweka simu mezani, inboksi imeshajaa.

Kupeana vitu vilivyotumika si jambo geni kwetu. Sare ya shule ilivaliwa na kaka, ikaenda kwa mdogo wake, ikamalizia maisha kwa binamu kijijini. Kilicho kipya ni kwamba sasa unampa mtu usiyemjua kabisa. Shangazi ukimkosea adabu, habari itafika kwenye kikao cha ukoo. Mtu wa grupuni ukimkosea, anakufungia namba na kuendelea na maisha yake, na wewe hutajua ulikosea wapi.

Walioanzisha mitandao mikubwa ya kugawana vitu waliliona hilo. Deron Beal alianzisha Freecycle mjini Tucson, Arizona, mwaka 2003, kwa barua pepe aliyowatumia marafiki na mashirika ya pale mjini. Miaka 10 baadaye, Rebecca Rockefeller na Liesl Clark wakaanzisha Buy Nothing katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, kupitia Facebook. Mitandao yote miwili ina kanuni zilizoandikwa, pamoja na watu wa kuzisimamia, ingawa hakuna senti inayopita mkononi kwa mtu. Kitu kinaweza kuwa bure, lakini muda wa anayekitoa una bei, na heshima ya anayekipokea ina bei kubwa zaidi. Vidokezo vifuatavyo vinahusu bei hizo mbili.

1. Anza na ubovu

"Friji bure, wahi!" ni tangazo la mvivu. Litakuletea maswali yaleyale kutoka kwa kila mtu, na mwisho wake kuna mtu atakodi kirikuu kutoka Mbagala hadi Tabata, afike akute friji halipoozi. Nauli aliyolipa imezidi thamani ya chuma chakavu alichopewa, na bado anatakiwa aseme asante.

Soma hili sasa:

"Natoa friji dogo la mlango mmoja. Juu linagandisha, chini halipoozi. Fundi alisema shida ni gesi, sijalitengeneza. Mpira wa mlango umechanika kona ya chini, tazama picha ya tatu. Kimo chake kinanifika kiunoni. Niko Tabata Kimanga, ghorofa ya pili, ngazi nyembamba, lifti hakuna. Lichukuliwe kabla ya Jumapili saa kumi jioni. Uje na mtu wa kusaidiana kubeba."

Kila sentensi pale ina kazi. Fundi wa mafriji akisoma habari ya gesi anajua hiyo ni riziki yake, na mama anayetafuta friji la kupoozea juisi anajua apite. Aliyesoma "ghorofa ya pili" hatakuja peke yake na mgongo mbovu. Siku na saa vimewekwa, kwa hiyo hakuna atakayekuambia "nitapitia wiki ijayo, Mungu akipenda." Kwa friji, kimo cha kiunoni kinatosha. Kwa kabati na kitanda chukua futi upime kabisa, maana milango ya vyumba vya kupanga haina huruma na kabati la milango mitatu.

Picha zipigwe mchana, karibu na dirisha. Fungua mlango upige ndani. Palipopasuka upasogelee, usipakimbie. Kisha, kabla ya kutuma, tazama nyuma ya hicho kitu: cheti cha mtoto ukutani, dirisha lisilo na nondo, runinga mpya ya inchi nyingi. Grupu lina watu wengi, na si wote wamekuja kwa ajili ya friji.

2. Kipimo cha mama mkwe

Jiulize kama ungeweza kumpelekea mama mkwe hicho kitu, ukakishika kwa mikono miwili na kukiita zawadi. Kama ungeona aibu, kitafutie dampo. Shati lenye doa la mafuta ya kula, sufuria iliyotoboka, kitabu kilicholiwa na mchwa hadi sura ya nne: kuvitangaza ni kumtafuta mtu wa kukubebea taka bila malipo.

Nguo zifuliwe, na mifuko ikaguliwe. Za ndani usizitangaze kabisa. Shirika la Viwango Tanzania limekataza kuingiza nguo za ndani za mitumba nchini, na sababu zilezile za afya zinakuhusu wewe na begi lako. Kofia ya pikipiki iliyoshuhudia ajali imeshafanya kazi yake ya mwisho hata kama kwa nje inang'aa. Kiti cha mtoto cha kwenye gari nacho hakirithishwi baada ya ajali kubwa, na hata kisichopata ajali kina umri wake: geuza chini usome kibandiko cha tarehe kabla hujamkalisha humo mtoto wa mwenzako. Vitanda vya watoto vyenye ubavu unaoshushwa na kupandishwa vilipigwa marufuku kutengenezwa na kuuzwa Marekani tangu mwaka 2011, baada ya watoto wachanga kunaswa humo na kufa. Vya zamani vinaweza kukufikia kwa njia ya mitumba, kwa hiyo ukiwa nacho kivunje kiwe kuni.

Godoro ndilo lenye kesi ngumu kuliko vyote. Godoro safi ni neema kwa mwanafunzi aliyepanga chumba kwa mara ya kwanza. Godoro lenye kunguni ni adhabu kwa jengo zima, kwa sababu kunguni mkubwa huweza kukaa miezi bila kula akimsubiri mpangaji mpya. Kagua mishono, kona na upande wa chini. Ukiona vidoa vyeusi vidogo kama ncha za kalamu, mjadala umefungwa. Na ukimficha mtu jambo hilo kwa kuwa ni bure, usishangae siku jina lako litakapotajwa grupuni kwa herufi kubwa.

3. Simu yenye akaunti yako bado ni yako

Watu wengi huifuta simu ya zamani haraka haraka, wanaitoa, na kesho yake mpokeaji anapiga kulalamika kwamba inadai barua pepe na nywila asizozijua. Simu ya Android iliyofutwa kwa vitufe vya pembeni bila kuondolewa akaunti ya Google hujifunga, ikimtaka mwenye akaunti ya awali. iPhone nayo hufanya hivyo ikiwa kipengele cha kuitafuta simu hakikuzimwa. Aliyepewa anabaki na kioo cha kujitazamia.

Fuata mpangilio huu. Hamisha picha na mazungumzo unayoyataka. Toa laini, toa memori kadi. Ingia kwenye mipangilio uondoe akaunti zako zote, moja baada ya nyingine, ukianza na ile kuu. Kwa iPhone zima utafutaji wa simu na utoke iCloud. Hapo ndipo ufute kila kitu. Mpokeaji akija, iwasheni pamoja hadi ifike kwenye ukurasa wa kuchagua lugha.

Bonyeza pia *#06# kabla ya kuiaga, unakili zile tarakimu za IMEI kwenye kikaratasi, uandike kwamba umeitoa kwa hiari, na utie sahihi. Kijana anayekutwa na simu nzuri isiyo na risiti anahitaji karatasi hiyo kuliko chaja.

Kompyuta ina hatari zaidi kwa sababu ya diski. Mafaili uliyotupa kwenye kikapu cha taka yanaweza kufufuliwa na fundi yeyote wa Kariakoo kabla chai yake haijapoa. Mlipe fundi unayemwamini aifute diski vizuri, au itoe ubaki nayo na kwenye tangazo useme wazi kwamba kompyuta haina diski.

4. Amua utachaguaje kabla hujatangaza

Utaratibu wa anayewahi ndiye apate unaonekana wa haki, lakini unawapendelea watu wenye simu mkononi mchana kutwa. Muuguzi aliye zamu, dereva wa daladala, mwalimu aliye darasani, wote wanaona tangazo jioni likiwa limeshafungwa. Ndiyo maana katika Buy Nothing watoaji huhimizwa kuacha tangazo likae kwanza, majina yajikusanye, kisha mtoaji achague. Mimi naupenda utaratibu huo kwa vitu vikubwa. Kwa fungu la hanga za nguo, mpe wa kwanza ulale.

Ukishaamua, andika: "Nachukua majina mpaka kesho saa mbili usiku, halafu napiga kura." Kura ni vikaratasi kwenye bakuli, mtoto achomoe kimoja. Hakuna wa kununa.

Usiseme "niambieni kwa nini nikupe wewe." Hapo unawashindanisha watu kwa shida zao mbele ya majirani. Mmoja ataandika kuhusu mumewe aliyefariki, mwingine kuhusu mwanawe aliyelazwa, na kesho watakutana foleni ya maji wakiwa wanajuana mno. Kama umemfahamu mwenye uhitaji zaidi, mpe kimyakimya na ulifunge tangazo. Kitu ni chako, huna deni la maelezo.

5. Salamu na shida viende pamoja

Mazungumzo kama haya yanatokea kila siku:

"Mambo."
"Poa."
"Uko poa?"
"Niko poa."
"Za masiku?"
"Nzuri. Tunafahamiana?"
"Hapana. Ile meza bado ipo?"
"Ipo."
"Nzima?"
"Nimeandika kwenye tangazo."
"Sawa. Bei gani?"

Uungwana wetu unadai salamu, na ni vizuri. Ila salamu ya simu haihitaji kusubiri majibu kama ya kibarazani. Ianze, na shida iifuate humohumo: "Habari za jioni. Naomba ile meza ya kusomea, ni ya mwanangu wa darasa la sita. Niko Ubungo Msewe, naweza kuifuata kesho saa kumi na mbili jioni nikitoka kazini, usafiri ninao. Kama imeshapata mtu, hakuna neno." Mtoaji akisoma hapo anajua nani, wapi, lini na kwa chombo gani. Kati ya watu wengi waliouliza "bado ipo?" huyu ndiye atakayejibiwa.

Kuhusu shikamoo, kuwa mwangalifu. Picha ya wasifu ni ya mtoto, au ya waridi, au ya kocha wa timu. Ukimwamkia shikamoo dada wa miaka 28 umeanza vibaya, na ukimwandikia "oya vipi" mzee mstaafu umemaliza kabisa. "Habari" inamtosha kila mtu mpaka ujue unaongea na nani. Ukishajua, mama ni mama, mzee ni mzee, na shikamoo yake apewe.

Usipojibiwa, kumbushia mara moja tu. Kupiga simu usiku kuulizia hotipoti ya bure ni kukosa haya.

6. Kama unakwenda kukiuza, sema

Kuna watu huishi kwa kukusanya vya bure na kuvipeleka kwenye masoko ya Karume, Gikomba au Kongowea. Wengine huwachukia. Mimi siwachukii: anayebeba makochi yaliyochanika, akayashona na kuyauza, amefanya kazi, na mitumba imesomesha watoto wengi katika pwani hii na bara. Kinachoudhi ni uongo. Ameandika kwamba kigari ni cha mwanawe mchanga, na keshokutwa kigari kilekile kinaonekana kwenye ukurasa wa mauzo na bei juu. Aliyetoa hakupoteza hela, lakini amefanywa mjinga, na safari nyingine hatatoa.

Sema tu: "Mimi ni fundi wa makochi, nayatengeneza na kuyauza. Kama huna wa kumpa, naomba." Watoaji wengi watakubali, hasa wakiwa na haraka ya kuhama. Watakaokataa wana haki yao. Grupu likiwa na kanuni ya kukataza, iheshimu hata kama huipendi.

7. Ombi liwe na kimo

Katika magrupu mengi unaruhusiwa pia kuomba ambacho hakijatangazwa, na watu huona haya bila sababu. Kuna jirani ana vitabu vya kidato cha nne vinavyomzibia kabati, hajafikiria tu kwamba vinahitajika. Freecycle tangu zamani ina alama zake mwanzoni mwa tangazo, za kutofautisha anayetoa, anayehitaji na kitu kilichokwisha chukuliwa. Magrupu yetu yangefaidika kwa kuiga: NATOA, NAHITAJI, KIMECHUKULIWA. Mtu anajua asome au apite.

Omba kitu kimoja, ukitaje kwa usahihi. "Nahitaji magongo ya kutembelea kwa wiki sita, mgonjwa ni mrefu, nitayarudisha" hupata jibu haraka, tena hapo umeomba kuazima, ambako ni rahisi zaidi kukubaliwa. "Nahitaji kitanda, godoro, friji, jiko, na kama kuna laptop au iPhone hata ya zamani" humfanya msomaji acheke na kuendelea na shughuli zake. Ombi lisilojibiwa lipumzishe wiki kadhaa. Kulirudia kila asubuhi pamoja na picha za maua na dua ni kuwachosha walimwengu.

8. Mzigo ni wa anayepokea

Usiulize "huwezi kunisogezea?" Mtoaji ameshatoa. Boda, bajaji, guta, kirikuu, vyote viko barabarani na gharama zake ni juu yako. Elewana na dereva bei ya kwenda, kupakia na kurudi kabla hamjaondoka, na umlipe wewe. Ni aibu kubwa dereva kubaki getini anamdai mwenye nyumba aliyetoa kabati lake.

Njoo na kamba. Njoo na bisibisi kama ni kitanda cha kufungua. Njoo na kikapu au mfuko wa kitambaa, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, na mtoaji hana sababu ya kukutafutia cha kubebea. Friji lisafiri likiwa wima. Likilazimika kulala, likifika nyumbani lisimamishe masaa kadhaa kabla ya kuliwasha, ili oili ya kompresa irudi mahali pake. Mafriji mengi "mabovu" ya bure yaliuawa njiani na watu waliokuwa na furaha.

Ukishafika, chukua ulichokuja kuchukua. Macho yasizunguke sebuleni. "Na ile feni je?" ni swali ambalo limemfanya mwungwana mmoja baada ya mwingine kufunga akaunti yake.

9. Usiingie mitini

Hili ndilo linalowachosha watoaji kuliko mengine yote. Mtu amethibitisha, amesema yuko njiani, amesema yuko kwenye foleni ya Ubungo, kisha kimya. Mtoaji amebaki nyumbani Jumamosi nzima, ameahirisha kwenda msibani kwa jirani, anachungulia getini kila pikipiki inapopita. Kumbe mwenzake alipata kabati jingine karibu zaidi tangu saa nne.

Kubadili mawazo kunaruhusiwa, na hakuhitaji hadithi. "Samahani, sitaweza kuja, mpe mwingine" inamaliza kazi. Usimuue bibi yako kwa ajili ya kabati.

Mtoaji naye awe na mtu wa pili kwenye orodha, na atangaze mapema: usipofika ndani ya saa moja bila taarifa, kitu kinakwenda kwa anayefuata. Akishasema hivyo atekeleze. Halafu andikeni saa bila utata. Kwenye grupu lenye wageni, "saa 2" mmoja atasoma saa mbili asubuhi na mwingine atafika mchana baada ya chakula. Ongeza neno: asubuhi, mchana, jioni.

10. Tapeli naye ni mwanachama

Anayetangaza mashine ya kufulia bure, nzima, mpya karibu, kisha anadai "utume hela ya usafiri kwanza, dereva anasubiri mafuta," ni ndugu wa yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Kanuni ni moja na haina ubaguzi: cha bure hakilipiwi kwa simu kabla hujakiona kwa macho. Hata iwe elfu tano tu. Wanaishi kwa hizo elfu tano.

Kwa vitu vidogo kutaneni hadharani: dukani kwa Mangi, kituo cha mafuta, getini kwa mlinzi. Kwa vikubwa, visogezwe mpaka sebuleni au barazani kabla mgeni hajafika, asipite vyumbani, na usiwe peke yako nyumbani. Namba ya nyumba mpe aliyechaguliwa tu, siku hiyohiyo, usiiandike kwenye tangazo. Na usiandike "tunasafiri Ijumaa kwa wiki tatu, wahini." Umewaalika wageni wa aina mbili.

Mpokeaji pia ajilinde. Mdada anayekwenda kuchukua meza kwa mwanamume asiyemjua aende na mtu, amwachie rafiki ramani ya anapokwenda, na akiambiwa "ingia kwanza unywe chai" anayo ruhusa ya kukataa chai.

11. Piga picha kabati, mtu mwache

Kuna watoaji ambao hawatoi mpaka kamera iwake. Mama amesimama pembeni ya jiko la gesi, amelazimishwa kutabasamu, na jioni picha yake imezunguka grupuni na maneno "tumemgusa mwenzetu." Watoto wake wanasoma shule moja na watoto wa mtoaji. Kesho wataulizwa uwanjani.

Methali inasema kutoa ni moyo. Haikusema kutoa ni stori ya Instagram. Na si adabu peke yake: Kenya ina sheria ya kulinda data binafsi tangu mwaka 2019, Tanzania tangu 2022, na picha ya mtu ni taarifa yake. Akitaka kujipiga mwenyewe na jiko lake na kukushukuru hadharani, hiyo ni furaha yake.

Mpokeaji, shukuru. Maneno mawili kwenye inboksi siku kitu kilipofika: "Kimefika salama, mtoto ameshakaa juu yake, asante sana." Hakuna haja ya kupeleka kuku. Ingawa, kama una michungwa imezaa, chungwa halijawahi kukataliwa.

12. Kikishatoka, funga tangazo

Lifute, au andika KIMECHUKULIWA juu kabisa. Inachukua muda mfupi kuliko kumjibu mtu mmoja.

13. Kwa mliopo ughaibuni

Mwanafunzi anayefika Minneapolis au Leeds na begi moja anaweza kupamba chumba kizima kutoka Buy Nothing, Freecycle au Freegle, mtandao wa Uingereza uliozaliwa mwaka 2009 wasimamizi wa huko walipojitenga na Freecycle. Mambo yanakwenda tofauti kidogo. Mtoaji mara nyingi atakuachia kitu barazani na kukutumia ujumbe, wala hamtaonana. Usigonge mlango kwenda kumsalimia; kwake huo ni usumbufu, siyo heshima. Chukua, ondoka, andika asante. Ujerumani utakuta boksi nje ya nyumba lenye maandishi kwamba ni vya kugawa. Chukua unachotaka na vilivyobaki uviache vimepangwa.

Kabla hujakijaza kontena kwa ajili ya ndugu, soma kibandiko nyuma ya kila chombo cha umeme. Blenda ya Marekani iliyoundwa kwa volti 120 tu, ukiichomeka Mwanza kwenye volti 230, itatoa moshi kabla haijasaga embe. Iliyoandikwa 100–240 haina shida, ila itahitaji plagi ya kwetu. Na ndugu waulizwe kwanza wanachohitaji. Kuna familia zina toasta tatu na hazili mkate wa kuchoma.

14. Ukishatoa, usifuatilie

Mpewa hapokonyeki. Miezi miwili baadaye unapita uchochoroni unakuta lile kabati lako la mninga limelazwa nje, milango imeng'olewa, waya umewekwa mbele, na ndani kuna kuku wa kienyeji na vifaranga vyake. Salimia, sifia kuku, endelea na safari.

Kama unajua moyo utakuuma, kabati la bibi usilipeleke grupuni. Mpe binamu, kwa masharti, mbele ya mashahidi, ili siku ukilitaka ulijue lilipo. Au liache palepale lilipo, ununue jipya dogo la kuweka pembeni yake.